Somoe Apiga Hodi Mkatoni

Sogeeni. Vuteni miguu mkekani, kila mtu aone picha.

Huyu ni Somoe. Ana miaka sita, na ana baiskeli ndogo nyekundu. Leo hapandi keria ya baiskeli ya Baba. Leo anaendesha mwenyewe mpaka kwa Bibi!

"Ukishindwa njiani, unarudi kwenye keria," alisema Baba. "Na baiskeli tunampa binamu yako."

"Sishindwi mimi!" alisema Somoe.

Baba mbele. Somoe katikati. Mama nyuma, na mgongoni kambeba Mfaume, mtoto mchanga asiyejua kusema hata neno moja.

Wakashika njia ya reli. Zamani garimoshi lilipita hapo. Reli zikang'olewa, njia ikabaki. Haipandi, haishuki. Imenyooka tu.

Mbele kuna kilima kilichokatwa katikati ili garimoshi lipite. Panaitwa Mkatoni. Ukuta huku, ukuta huku. Ndani kuna baridi. Ndani kuna ukungu.

Watu wa nyumba ya Bibi hawaingii Mkatoni kimyakimya. Wanapiga kengele kwanza.

Kring! "Hodi, njia!" akasema Baba. Akaingia.

Somoe alikuwa anaangalia miguu yake inavyozunguka. Akaingia hivihivi. Hakupiga hodi.

Ukungu ukanyamaza.

Kacha! Cheni ikachomoka.

Somoe akashuka, akainama. Kitu kikampita, shwaaa! Kumbe ni Mama. Ukungu mzito, hata Mama hakumwona.

"Mama!" aliita Somoe.

Ukungu ukanyamaza.

Hapana ndege. Hapana panzi. Majani ya ukutani yamesimama tuli, kama yanamsikiliza.

Ndipo Somoe akakumbuka. "Sikupiga hodi!"

Na hodi ni tatu, mnajua wenyewe. Ya tatu usipojibiwa, unarudi ulikotoka. Arudi? Baiskeli yake ichukuliwe? Hee!

Kring! "Hodi, njia!"

Ukungu ukanyamaza.

Kring! "Hodi, njia!"

Ukungu ukanyamaza.

Imebaki moja. Somoe akaweka kidole juu ya kengele.

Kring! "Hodi, njia. Ni mimi, Somoe. Naenda kwa Bibi."

Kimya.

Kimya.

Halafu, mbali kule nyuma... Puuuuuu.

Chini ya miguu ardhi ikaanza kutikisika polepole. Taka-taka. Taka-taka. Upepo wa vuguvugu ukamgusa mgongoni, unanuka moshi wa kuni.

Somoe akapanda baiskeli. Hakugeuka nyuma.

Cheni inaning'inia. Pedali hazizunguki. Lakini baiskeli inakwenda! Taka-taka, taka-taka, taka-taka...

Jua! Somoe akatokea upande wa pili.

Baba na Mama walikuwa wamesimama, wanateta.

"Si alikuwa na wewe?"

"Mimi? Si alikuwa mbele yangu?"

"Nipo!" alisema Somoe.

Mama akamkumbatia. Baba akaishika ile cheni. "Umefikaje, mwanangu? Njia hii haina mteremko."

"Nimesukumwa," alisema Somoe.

Baba akairudisha cheni, akatazama Mkatoni. Hapana mtu.

Bibi alikuwa anamenya mihogo mlangoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu! Mbona macho yamekutoka?"

Somoe akamwambia yote. Bibi akaweka kisu chini. Hakucheka hata kidogo.

"Ukasema ahsante?" aliuliza.

Somoe akatikisa kichwa.

"Haya. Jioni unapita palepale."

Jioni, jua lingali juu ya miti, wakafika Mkatoni. Safari hii Somoe alitangulia.

Kring! "Hodi, njia! Ahsante kwa kunisukuma."

Upepo wa vuguvugu ukapita, ukayagusa majani ya ukutani. Yote yakainama, halafu yakasimama. Wakapita salama, magurudumu yote sita.

Nyumbani, baiskeli nyekundu ilisimamishwa karibu na kitanda. Somoe akajifunika shuka.

"Kesho nitaipaka mafuta hiyo cheni yako," alisema Baba.

Yako! Mmesikia? Somoe akatabasamu, macho kayafumba.

Mara Mfaume, yule asiyejua kusema hata neno moja, akainua kichwa mgongoni kwa Mama. Akaangalia dirishani.

"Puuuuuu," alisema Mfaume.

"Eti nini?" aliuliza Mama. "Nani kamfundisha huyu?"

Somoe je? Alishalala.

Nanyi laleni, wajukuu zangu. Njia nayo inapumzika.