Kochi Ambalo Bosi Hakulikalia

Kila kochi lililoingia kwenye karakana ya fundi lilikaliwa kwanza na mbwa. Alilinusa, akalizunguka, kisha akapanda na kujikunja kama mwenye mali, ndiyo maana wakamwita Bosi. Binti wa fundi, aliyemlea kwa chupa tangu macho yake hayajafunguka, alipenda kuwaambia wateja kwamba Bosi ndiye fundi mkuu, baba ni msaidizi tu.

Lakini lile kochi jekundu la mtu mmoja, lililoletwa kutoka nyumba ya marehemu fulani ili libadilishwe kitambaa, Bosi hakulikalia. Alinusa mguu mmoja wa kochi, akarudi kinyumenyume mpaka uani, akakojoa pale pale mlangoni.

"Leo bosi kagoma," fundi akatania.

Kesho yake asubuhi kochi lilikuwa limebonyea katikati, kana kwamba mtu mzito ameinuka sasa hivi. Fundi akaweka kiganja pale. Palikuwa na joto, na karakana nzima ilinuka nywele zilizoungua. Akajisemea kuwa ni springi kuukuu, akaendelea na kazi nyingine, ila siku hiyo hakuligeuzia kochi mgongo hata mara moja.

"Baba watoto, lirudishe lilikotoka," mke wake akamwambia. "Moyo wangu umelikataa."

"Wewe hata kivuli cha ufagio ni jini!" Akacheka mpaka akakohoa. Fundi alikuwa na maneno mengi kuliko misumari, na mtu aliyecheka hivyo hawezi tena kusema kwamba na yeye anaogopa.

Jioni moja, binti akiwa kwa shangazi yake, springi zikaanza kulia karakanani. Mke alikuwa jikoni, mwiko mkononi.

"Kuna mtu mle," akanong'ona.

"Ngoja nikamtoe," fundi akasema kwa sauti kubwa, akavuka ua, Bosi akimfuata nyuma.

Alipofungua mlango ile harufu ikampiga usoni, na humo gizani springi zikalia moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayejigeuza kitini aone nani amekuja, kisha kitu kikavuta pumzi ndefu, na miguu ya fundi ikakataa katakata kuvuka kizingiti, akamshika Bosi shingoni, na Bosi akakaza miguu yote minne na kumtazama, naye akamsukuma ndani kwa goti, akafunga mlango, akapiga komeo, akauegemea kwa bega. Mbwa alibweka mara moja tu. Baada ya hapo alilia, akakwaruza ubao, akakwaruza usawa wa magoti ya fundi, na fundi akaushika mlango kwa mikono miwili mpaka kukawa kimya.

Akarudi jikoni. "Panya tu. Nimemwacha Bosi awakamate."

Akaketi, akala.

Asubuhi binti alirudi, na ndiye aliyemkuta. Alitoka karakanani amembeba kifuani, miguu ya mbwa ikining'inia.

"Baba, amefanywa nini?"

"Sumu," fundi akasema haraka. "Ni huyu jirani, kwa ajili ya kuku wake."

Mke akaenda kwa jirani akamtolea maneno ambayo hayarudishiki. Jirani aliapa kwa kila alichokuwa nacho. Binti hakutosheka na maneno ya mtu yeyote. Akamwita daktari wa mifugo, mama mmoja mpole, akamlaza Bosi juu ya gunia uani.

"Mbwa anaweza kufa ghafla kwa mengi," daktari akasema huku akimpapasa. "Sumu mara nyingi huacha povu na matapishi. Sioni. Nyoka huacha uvimbe. Sioni. Tumbo hujisokota, lakini hili ni laini. Labda moyo. Labda joto, kama alikuwa pasipo hewa." Akainua mguu wa mbele, akautazama kwa karibu. "Kucha zimekwisha mpaka kwenye nyama. Na hivi ni vibanzi vya mbao. Huyu alikuwa anatafuta kutoka. Mlango ulifungwa kwa nje?"

"Upepo huo," fundi akasema.

"Upepo unapiga komeo, baba?" daktari akauliza.

Fundi akatazama viatu vyake, masikio yakimwaka. Wakati huo huo jirani akaingia na jembe begani. "Mfiwa hachimbi," akasema, akavua shati, akaanza kuchimba. Fundi alitamani shimo lile liwe lake.

Jua lilipozama, karakanani kukawa na mkwaruzo. Ulikuwa chini ya mlango, usawa wa magoti, ukifuatwa na kilio chembamba.

Binti akaruka. "Bosi! Mungu wangu, tumemzika mwingine! Ni yeye!"

Alikuwa ameshashika komeo fundi alipomfikia.

"Usifungue! Huyo si Bosi." Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Bosi nilimfungia mimi. Niliogopa kuingia, nikamsukuma yeye. Nikashika mlango mpaka akanyamaza. Jirani nimemsingizia."

Mke wake alikuwa nyuma yao. "Kisha ukaja ukala," akasema taratibu.

"Kisha nikaja nikala."

Binti hakulia. "Alikuwa anakuita wewe," akasema. "Alijua upo hapo. Alikuwa anasubiri umfungulie."

Mkwaruzo uliendelea. Fundi akautoa mkono wa binti kwenye komeo, kidole kimoja kimoja, akafungua, akaingia. Hapakuwa na kitu mlangoni. Kabla hajageuka, mlango ukajifunga na komeo likajipiga lenyewe.

"Baba!" Binti alikuwa anavuta komeo kwa nguvu zote. "Mama, limeshika! Nisaidie! Baba, tunakutoa!" Fundi aliwasikia wote wawili wakihema, wakivuta, wakipiga ubao kwa mabega, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko harufu ya nywele zilizoungua iliyokuwa ikimsogelea. Wao walikuwa wanavuta. Yeye alikuwa amesukuma.

Nyuma yake springi zikaanza kulia, moja baada ya nyingine.

Akapiga magoti, mikono ikitafuta mlango. Vidole vyake vikaingia kwenye mikwaruzo ya Bosi, mirefu, iliyochimbika, inayopandana. Mahali hapo hapo, kwa kimo hicho hicho. Akakunja kucha zake. Aliona aibu kuongeza mkwaruzo wake.

Akageuka gizani, akalikabili kochi.

"Uliyekuwa unamngoja ni mimi," akasema. "Yule nilimtuma tu."

Springi zikanyamaza, kama mtu mzito ameinuka.