Maneno Aliyoyameza Alida

Kila asubuhi Alida aliteka maji, akaosha vyombo, akavaa sare yake ya darasa la sita. Lakini mara nyingi, kabla hajafika barabarani, mtu alikwisha kumwita. Wakongomani wengi wa kijiji cha Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hawakujua Kiingereza wala Kinyankole. Alida alivijua vyote viwili, basi majirani walimwazima kama watu wanavyoazimana kinu. Leo amsemee huyu kwa muuza maziwa wa mji wa Endiinzi, kesho amsomee yule karatasi ya ofisini.

"Hako katoto kako na akili mingi!" walisema, naye akatembea shingo juu.

Mama yake, Sidonie, alikuwa mjane, mkulima wa maharage. Mwaka huo alianza kudhoofika. Siku moja, njiani kwenda kituo cha afya, alisimama, akaangalia nyuma kama mwizi, akanong'ona:

"Alida, sikia. Utamwambia dokta hivi: damu inanitoka kila wiki, hata kama si siku zangu. Na hapa chini ya kitovu kuko kitu kigumu, kinakua. Utasema yote?"

"Ndiyo, mama. Nitasema."

Chumba cha daktari hakikuwa hata na pazia. Mlango ulikuwa wazi, na foleni ilianzia kizingitini. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Prince, aliyesoma darasa moja na Alida. Alikuwa amemleta bibi yake mwenye homa.

"Eee, Dokta Alida amefika!" Prince akacheka. "Mumupishe dokta!"

Daktari hakuinua macho kutoka kwenye daftari la mgonjwa. Aliuliza kwa Kiingereza: "Anatokwa na damu nje ya siku zake? Ana uvimbe tumboni?"

Alida alielewa kila neno. Alielewa pia kwamba Prince anajua Kiingereza. Akamtupia jicho pale mlangoni.

"No," akajibu. "Tumbo tu linamuuma."

Daktari akaandika dawa za minyoo. Mkono wake haukugusa tumbo la mgonjwa hata mara moja! Hata ng'ombe akipelekwa mnadani hupapaswa kwanza. Mtu mzima, aliyesomea kazi yake miaka na miaka, akaiweka roho ya mama juu ya ulimi wa mtoto wa miaka kumi na miwili, mbele ya foleni nzima, kisha akaita, "Mwingine!"

Mwezi uliofuata wakarudi. Alida akasema yaleyale, maana uongo wa kwanza ukishatoka, wa pili huja wenyewe. Safari hiyo wakapewa dawa za vidonda vya tumbo. Tumbo lenyewe likazidi kukua. Majirani, walewale waliokuwa wakimsifu Alida, wakaanza midomo bombani: "Mujane ana mimba ya nani?" Sidonie akaacha kwenda kanisani. Alida alikuwa akisikia yote hayo na ndoo mkononi, na chakula kikamshinda, kwa sababu yeye alijua.

Mwezi wa nne tangu safari ile ya kwanza, Sidonie alianguka shambani. Bodaboda ilipomfikisha kituoni pamoja na Alida, walimkuta muuguzi mpya, Natukunda, mke wa askari wa kambi ya jeshi ya Mbarara. Alida akafungua kinywa kumsemea mama yake.

"Wewe mutoto, ngoja." Natukunda akafunga mlango. "Mama, ongea wewe mwenyewe. Kiswahili yangu ni ya jeshi, si nzuri, lakini iko. Nini inakusumbua?"

Sidonie akasema yote. Natukunda aliweka mkono chini ya kitovu, na uso wake ukabadilika. Akafungua daftari.

"Hapa wameandika hakuna damu, hakuna uvimbe. Mara mbili! Nani alisema hivi?"

Alida akaangua kilio. "Ni mimi. Prince alikuwa mlangoni. Niliona haya."

"Na wewe, nyabo?" akamgeukia mama. "Hukusikia akisema no?"

Sidonie akainamisha kichwa. "Nilisikia. 'No' hata mimi ninaijua. Nilinyamaza. Na mimi niliona haya."

"Haya! Haya!" Natukunda akapiga meza. "Mama anakufa, kila mutu iko na haya, na mwenye alipaswa kuona haya hana hata kidogo!"

Akalipeleka daftari kwa daktari, na foleni nzima ikamsikia: "Musawo, wewe dokta, hii tumbo uliipima na mukono ama na kalamu? Na nani alimupa mutoto kazi ya mutu mukubwa?"

Daktari akavuta karatasi, akaandika barua ya rufaa. Siku hiyohiyo Sidonie alipelekwa hospitali kubwa ya Mbarara.

Huko alilazwa nyuma ya pazia, akapimwa kwa mashine ya picha. Mkalimani alikuwa mama mtu mzima, na Alida aliambiwa akae nje. Daktari wa hapo, Yayeri, alieleza kwamba kwenye kifuko cha mayai kulikuwa na uvimbe mkubwa kama papai, akautoa kwa upasuaji. Kipande kilipelekwa maabara. Baada ya wiki tatu majibu yakaja.

"Si minyoo, si mimba, si kurogwa," alisema Daktari Yayeri. "Ni saratani ya nadra, inayokua polepole. Yenyewe ndiyo ilikuwa ikiuchanganya mwili hadi damu ikatoka ovyo. Ilikuwa bado haijatoka nje ya kifuko. Ila aina hii huweza kurudi hata baada ya miaka mingi, kwa hiyo usikose siku za kupimwa."

Nyumbani, Alida hakuweza kumtazama mama yake.

"Mama, nilikaribia kukuua."

"Tulikaribia wote, mutoto wangu. Wewe kwa ulimi, mimi kwa kunyamaza. Sikia sasa. Kwa dokta, damu inaitwa damu, na tumbo inaitwa tumbo. Ugonjwa si matusi. Na neno la bakubwa likikuzidi, usidanganye. Sema: hili linanizidi, mwite mutu mukubwa."

Jumapili Sidonie alikwenda kanisani. Baada ya ibada, wanawake waliokuwa wakimsema walikuja kumsalimu macho chini. Hakuwangoja wamalize.

"Mulisema mimba. Ilikuwa saratani. Midomo yenu ilinifungia ndani, na kidogo tu ingenizika! Mwenye kutokwa na damu bila mupango, ao mwenye kusikia kitu kigumu ndani ya mwili wake, asingoje ruhusa ya majirani. Kesho asubuhi ninaenda kwa Natukunda. Mwenye kutaka, tutaenda pamoja."

Kesho yake, jua halijachomoza vizuri, wanawake watatu walikuwa wamesimama mlangoni mwa Sidonie.