Zebaki Kisimani kwa Wankyo

Kulipokucha, bibi Wankyo alikuwa amekwisha kuchemsha maji, amekwisha kumsema jogoo, na sasa alitafuta mtu wa kumtania. Nyumbani kwake Butiama mtu hakosekani. Mwanawe Samweli alikuwa kando ya kisima, anaosha mchanga wa dhahabu. Aliuletaga nyumbani kwa kuogopa wezi wa machimboni. Mkewe Flora, mwenye mimba kubwa, alikuwa jikoni.

"Kunywa, mkwe wangu," Wankyo alimwambia Flora. "Yamechemka mpaka yameomba msamaha."

Mara akaingia Leonardi, mtumishi wa maji kutoka Musoma, anayepima visima. Alidondosha maji ya kisima kwenye kiboksi kidogo.

"Humo umefungia mganga?" Wankyo aliuliza.

"Hapana, bibi. Kuna kipete cha kioo, chembamba kuliko unywele. Mwanga unakizunguka ndani, tena na tena."

"Kama ndama aliyekosa mlango wa zizi!"

"Hapo hapo. Sasa gonga hiyo sufuria tupu. Haya, tia maji, gonga tena."

"Mlio umebadilika."

"Na mwanga hubadilika hivyo, sumu ikinasa kwenye kipete, hata iwe kidogo sana. Hapa umebadilika. Maji yana zebaki."

Samweli akaacha kuosha. Zebaki ndiyo aliyokuwa anakamatia dhahabu.

"Lakini sisi tunachemshaga!" Wankyo alisema.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, bibi. Zebaki haiondoki. Nayo inaweza kudhuru ubongo wa mtoto tumboni."

Utani ukamwisha Wankyo. Alikitoa kikombe mkononi mwa Flora, akakimwaga.

Maabara ilipima tena, majibu yakawa yale yale. Kisima kikafungwa. Samweli akarudisha kazi yake kwenye eneo la kuoshea machimboni, mbali na maji ya watu. Flora alikwenda kliniki, akaeleza yote bila kuficha, wakawa wanamwangalia kwa karibu. Nyumbani wakachota maji ya bomba la kijiji, lililopimwa likaonekana salama.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kike, mwenye kelele za kumshinda jogoo.

Leonardi aliporudi kupima bomba, Wankyo alimsukumia kuku mikononi.

"Bibi, mimi nililetwa na kazi tu."

"Mshike, asije akabadili mawazo! Asante, mwanangu. Yale maji ningeendelea kumpa huyu mtoto na mama yake kwa upendo wote. Tena ya moto."