Kiganja Kwenye Bampa la Landrova

Kwanza funga mlango. Halafu weka mkono kifuani uape kwamba haya yakiingia sikioni mwako hayatoki, maana hata mimi niliapishwa na Kristina, mke wa Rafaeli, tena kwa Biblia, mimi niliyesoma Kurani chuoni kwa maalimu. Nikaapa. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Kufika Jumatatu walikuwa wameshanisikiliza wanawake sita wa hapa Ngamiani na muuza samaki mmoja. Kwa hiyo wewe ni wa nane, na ukimsimulia mwenzio usinitaje.

Rafaeli ni fundi rangi. Baba yake alikuja Tanga kukata mkonge akafia hukuhuku, mtoto akabaki na mikono ya kheri. Kazi yake ilikuwa kwenye gereji ya Mzee Shaame, Mpemba wa kanzu nyeupe na swala tano, anayewakaribisha mafundi chakula kwa mkono wake. Rafaeli alimwita baba. Shaame ana binti mmoja tu, Nasma, aliyekuwa akiumwa tangu mfungo mosi, ile Ramadhani ilipokwisha, kakonda, anazungumza na ukuta. Wiki ile ya mkasa kapona ghafla, kaonekana sokoni anachagua ndimu. Watu wakasema alhamdulillahi.

Jumatatu ya wiki hiyo ikaletwa Landrova ya Idarusi, mfanyabiashara wa chumvi kutoka Mkwaja. Chumvi ilikuwa imeyala mabampa yake ya chuma, kutu inamwagika chini kama pilipili ya unga. Mzee Shaame akatoa maagizo. La nyuma lifanywe na yeyote. La mbele alifanye Rafaeli peke yake, alipulize rangi mara tatu, siku tofauti, na mlango aufunge. Rafaeli hakuona ajabu. Chumba cha rangi hufungwa siku zote, dirisha huzibwa kwa turubai, sakafu hunyunyiziwa maji, vumbi lisije likaganda kwenye rangi mbichi.

Akaliosha bampa kwa sabuni, akalikwangua kwa brashi ya waya, akashika msasa. Shaa, shaa, shaa. Akasimama ajifute jasho.

Sauti ya msasa ikaendelea.

Akautazama msasa. Ulikuwa mkononi mwake, umetulia. Sauti ilitoka ndani ya bampa, kama mtu anayesugua upande wa pili.

"Panya," akasema, apate tu kujisikia. Lakini bampa lile lilikuwa bomba nene lililochomelewa ncha zote mbili. Panya gani angeingia humo?

Jumanne adhuhuri akapuliza mara ya kwanza, rangi nyeusi iliyochanganywa na hadina ya kuigandisha, ile ambayo ikigusa ngozi sabuni haiitoi. Akafunga, akaondoka na ufunguo. Jumatano asubuhi akafungua, akakuta rangi inang'aa kama kioo, na katikati ya kioo hicho kiganja cha kulia, vidole vyote vitano.

Akawauliza mafundi mmoja mmoja. Kila mmoja akaapa. Akarudi akakisugua kile kiganja, na alipomaliza akaona damu kwenye msasa. Ngozi ya ncha za vidole vyake ilikuwa imekwisha, wala hakusikia maumivu. Tena mkono ulikuwa bado unasugua, na alipouambia uache, haukuacha. Ikabidi aushike kwa wa kushoto kama unavyomshika mtoto mtukutu.

Mzee Shaame akaja, akatazama, akashusha pumzi. Akamnong'oneza kwamba watu wa chumvi wana mambo yao, na huyo Idarusi hajui kapakia nini huko anakopita. Amalize tu, gari liondoke.

Adhuhuri ile Rafaeli akajifungia apulize mara ya pili. Alipoweka chini bomba la kupulizia akasikia harufu, chini ya ile ya rangi, harufu ya nywele zinazoungua na maji ya bahari yaliyolala. Akaenda mlangoni. Ufunguo ukazunguka, mlango haukufunguka. Akausukuma kwa bega, akausukuma kwa mgongo, na huku nje anasikia kengele za baiskeli, anamsikia mwanamke akibishana bei ya nazi hatua tatu tu kutoka hapo, akafungua kinywa amwite na sauti haikutoka, ikatoka ile ya msasa, shaa, shaa, kooni mwake mwenyewe, na nyuma yake bampa likajibu, na mkono wake wa kulia ukaanza kumvuta, polepole, bila haraka yoyote, kama mwenye nyumba anayemrudisha mgeni aketi, mpaka akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, paji la uso karibu na rangi mbichi, na ndani ya weusi ule akaona uso, akadhani ni wake, ila yeye alikuwa amefumba mdomo na ule ulikuwa unacheka.

Walimkuta alasiri, amelala, mlango uko wazi. Katikati ya bampa kilikuwepo kiganja kipya.

Alhamisi Kristina, Mlutheri wa watu, aliyekuwa akitucheka na hirizi zetu, alimfunga mumewe mkono kwa kanga akampakia pikipiki mpaka Tongoni kwa Bi Mize, mganga. Jini haulizi cheti cha ubatizo. Usiku wa kuamkia siku hiyo mkono ule ulikuwa umesugua mbao ya kitanda mpaka vanishi ikatoka.

Bi Mize aliunusa, akasema chumvi na chuma. Akawaeleza kwamba jini hukimbia vyote viwili, mtoto yeyote wa pwani hii ya Mtang'ata anajua, kwa hiyo huyu hakupanda bampa kwa hiari yake. Katolewa kwa mtu aliyekuwa akimla, kafungiwa humo, na kapewa mwingine wa kumshika.

"Amekushika wewe," akasema. "Rangi ikipulizwa mara ya tatu, mtafungiwa humo wote wawili."

Rafaeli akanong'ona, "Na nisipopuliza?"

Bi Mize akautazama ule mkono, ulivyokuwa ukisugua mkeka wake. "Huu utakwenda kesho, mwanangu. Na wewe utaufuata."

Kuhusu kile kiganja cha kwenye rangi akasema jini hana mistari ya mkononi. Anayetia muhuri ule ni binadamu. Binadamu huyo akifichuliwa mbele ya watu, kifungo kinakatika.

Habari zikamfikia Mzee Shaame, na ni yeye mwenyewe aliyetaka isomwe dua palepale gereji, Ijumaa baada ya swala, na pilau iliwe, kisha Rafaeli amalizie kazi. Idarusi naye akaalikwa. Akakaa mkekani anatazamwa kwa pembe za macho.

Mzee Shaame alikataa kuketi. Akashika birika, akapita kumnawisha mmoja mmoja, mafundi kwa wageni, watu wanamsifu kwa unyenyekevu. Idarusi aliponyoosha mikono, shingo zote zilirefuka. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa chumvi, lakini safi.

Sinia zikashuka. Rafaeli hakula. Mkono ulikuwa ukisugua ndani ya kanga, na miguu yake, bila yeye kuitaka, ilikuwa imeshageukia chumba cha rangi.

"Baba, nawe kaa, nikunawishe," Kristina akasema.

"Nimefunga, mwanangu."

Idarusi akainua kichwa. "Ijumaa peke yake, Mzee? Jana mchana si tumekunywa kahawa wote?"

Waliosoma chuo wakaacha kutafuna, maana nani mwenye swala tano asiyejua kwamba Ijumaa haifungwi peke yake? Kristina hakuwa na habari ya hayo. Yeye aliona tu mzee aliyewanawisha watu wote na hakuna wa kumnawisha. Akaushika mshikio wa birika, akavuta.

Birika halikutoka mkononi.

Akavuta tena, akadhani mzee anaona haya, na safari hii likatoka, na kitu kikachanika. Kiganja cha Mzee Shaame, mwenye funguo zote za gereji, kilibaki wazi mbele ya sinia. Kilikuwa cheusi. Kilikuwa kimechubuliwa kwa tina, maji ya kutolea rangi, mpaka nyama, na weusi haukutoka. Rangi ya Jumatano ilikuwa bado mbichi, inachirizika kwenye mkono wa kanzu nyeupe, inadondoka kwenye pilau.

Rafaeli akalia kwa uchungu wa vidole vyake, uliomjia wote kwa mara moja, na ndani ya kanga mkono ukatulia.

Mzee Shaame hakuwatazama watu. Alimtazama Rafaeli, kwa upole wake uleule wa kila siku.

"Nasma wangu hajafika hata miaka ishirini," akasema. "Ilibaki mara moja tu, mwanangu."