Mkono Kwenye Ngazi za Nje

Rafiki yangu mmoja, fundi wa kuchomelea, aliitwa na mama mjane abadilishe vyuma vya kushikilia kwenye ngazi za zege nje ya nyumba yake. Vilikuwa vimeliwa na kutu. Alivikata vyote, lakini giza likamkuta katikati ya ngazi kabla hajafunga vipya.

Nyuma yake akasikia kiganja kikiteleza juu ya chuma, kikishuka polepole. Chuma hakikuwepo.

“Fundi, mpe bega!” mama akalia kutoka mlangoni. “Mzee wangu haoni, ataanguka tena!”

Fundi alitaka kukimbia, miguu ikagoma. Mkono wa baridi ukamshika bega, ukamwelemea kwa uzito wa mtu mzima, na miguu ile ile ikaanza kushuka taratibu.

Walipofika chini, mkono haukumwachia.