Maua Juu ya Dawati la Solongo

Sogeeni, wajukuu zangu. Wewe zima hiyo simu, na anayetafuna ameze kwanza. Hii nataka muisikie kwa masikio yote mawili. Haya, kimya.

Palikuwa na binti wa Kinepali, Urmila, aliyekwenda Maebashi, huko Japani, kusoma Kijapani. Usiku alipakia vyakula kiwandani, asubuhi yuko darasani anasinzia. Na huko mahudhurio ndiyo roho ya mwanafunzi: yakishuka chini ya asilimia themanini, Uhamiaji hawakuongezei viza, unarudi kwenu mikono mitupu. Yake yalikuwa themanini na nne.

Asubuhi moja ya Januari akaingia anatetemeka kwa baridi. Kando ya hita palikuwa na dawati lisilo na mtu, juu yake chombo cha maua meupe. Kwao maua ni makaribisho. Akakisogeza chombo dirishani, akaketi.

"Lo, binti mfalme!" Khoa, Mvietinamu wa kiti cha nyuma, akamtania. "Umewekewa na maua kabisa!"

"Wivu huo, kaka. Njoo uote moto."

Wageni hao wote wawili. Hakuna aliyejua kwamba Wajapani huweka maua juu ya dawati la mwanafunzi aliyekufa.

Mwalimu Hatanaka akafungua daftari, akaita majina. Urmila akaitika, "Nipo!" Mwalimu akangoja, akatazama huku na huku, akaandika hayupo.

"Mwalimu, mimi hapa!"

Hata hakugeuka. Harufu ya tope la mtoni ikapanda, nzito, pale pale penye hita.

Kesho yake Urmila akarudi kiti chake cha zamani. Vilevile. Siku ya tatu Khoa alimpita mlangoni bega kwa bega akimuuliza mwenzake, "Hivi yule Urmila kaacha shule?" na Urmila alipomshika mkono, kijana akajikuna tu kama aliyeumwa na mbu, na koridoni ndala zilizolowa zikawa zinamfuata, pwacha, pwacha, zikisimama akisimama, na kila jina lake lilipoitwa alipiga kelele mpaka koo likachubuka na mwalimu akaandika tena hayupo, mpaka karatasi ya mahudhurio ukutani ikasoma themanini na moja.

Aliyemwona ni Bi Tsune, mfagiaji, binti wa kuhani wa hekalu.

"Mwanangu," akanong'ona alipomkuta chooni, ndoo mkononi, "uliketi pale?"

"Bibi, unaniona?"

"Nawaona wawili. Usigeuke."

Akamweleza hapo hapo. Dawati lile lilikuwa la Solongo, msichana wa Kimongolia, aliyetumbukia mtoni na baiskeli yake akafa mwaka jana, akiwahi darasa, siku ya mwisho kabla ya kuhitimu. "Anataka kuhesabiwa, maskini. Ulipoondoa maua yake, akashika nafasi yako."

Bi Tsune akamwendea Mwalimu Hatanaka amwite Solongo na kumpa cheti chake; Mwalimu akagoma. "Bi Tsune, shule haimpi marehemu cheti."

"Basi fungua daftari lako, Mwalimu."

Akafungua. Mbele ya jina la Solongo, lililokatwa tangu mwaka jana, palikuwa na alama za yupo, yupo, yupo, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akavuta karatasi ya cheti, akaandika jina.

Mchana ule ule, wanafunzi wengine wakiwa wamekwenda zao, Bi Tsune alirudisha maua, akawasha udi, akanyunyiza chumvi mlangoni. Mwalimu akasimama na cheti mkononi.

"Solongo!"

Hita ikazimika yenyewe.

"Nipo," dawati likasema. Maji yakadondoka sakafuni, kisha nyayo zilizolowa zikatoka mlangoni, moja, moja, zikikauka nyuma yake.

"Na... Urmila?"

"Nipo!"

Mwalimu akageuka, akamwona, akalia kama mtoto.

Cheti alikirithi mama yake Solongo, kule Mongolia. Chombo cha maua akakichukua Bi Tsune. Dawati halikupata wa kulirithi, liko stoo hadi leo. Urmila alipata viza yake, na kitu kingine asichokiomba: mama yake mwenyewe akimpigia simu kutoka kwao Pokhara, Nepali, na kumwita jina, huitikiwa na sauti mbili, na inayotangulia si ya mwanawe.