Ndugu wa Kunyonya

Asubuhi hiyo Shakuru alikuwa ameinamia gurudumu la baiskeli mbele ya nyumba yake, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, na mtoto wa siku ishirini kamfunga mgongoni kwa kitenge. Wapita njia walimcheka. Fundi mzima, mikono imejaa grisi hadi viwikoni, halafu kitenge cha maua! Naye hakuwa mtu wa kunyamaza. "Kama munaona ni muchezo, mukuje mumubebe," aliwaambia, wakacheka zaidi. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Na huyu bwana hata aliyeilea mimba alikuwa ameshamzika. Mkewe, Fatouma, alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua, akamwachia binti, Assia, na makopo mawili ya maziwa ya unga.

Ilikuwa Agosti ya mwaka tisini na sita. Nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka, na kopo la tatu halikupatikana, si sokoni, si kwa jamaa wa Kinindo waliokuwa wakifanya kazi kwa wazungu. Shakuru akampa mtoto maji ya sukari. Kisha maji ya mchele. Assia akaanza kukauka. Ngozi ya mapaja ikalegea, kilio kikapungua, na mzazi yeyote anajua kwamba kilio kikipungua namna ile si utulivu. Shakuru hakuwa akitaka kitu kingine duniani: huyu asife.

Adhuhuri ya siku ile ikaadhiniwa. Wanaume wakaenda msikitini, barabara ikabaki jua tupu. Alipoinua macho, mwanamke alikuwa amesimama ndani ya nyumba, karibu na mkeka. Hakupiga hodi. Kifua chake kilikuwa kimelowa maziwa, na nguo zake zilinuka moshi.

"Leta mutoto," alisema.

Waislamu wa Buyenzi wana utaratibu wao. Mwanamke hamnyonyeshi mtoto wa mtu hivi hivi. Anaulizwa jina, anaulizwa mumewe, anaulizwa watoto wake, tena mbele ya shahidi, kwa sababu maziwa yanazaa undugu. Watoto wake na huyo mtoto wanakuwa ndugu wa kunyonya, hawaoani mpaka kufa. Shakuru aliyajua hayo tangu udogoni. Lakini Bujumbura ya miaka ile, "we ni wa wapi, we ni wa nani" lilikuwa swali la watu wenye mapanga. Buyenzi ilificha watu wa kila upande, na heshima ya mwenyeji ilikuwa kutouliza. Basi hakuuliza. Alimlaza mtoto mkekani, na kwa adabu akawapa mgongo, akasimama mlangoni akitazama barabara. Nyuma yake alimsikia mtoto akimeza.

"Merci, mama," alisema alipogeuka. Mkekani alikuwepo Assia peke yake, midomo imelowa, amelala. Nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja, na aliyeuziba ni yeye.

Mnamlaumu? Mwanawe ameshiba. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alijiambia, akarudi kwenye gurudumu lake.

Mwanamke akaja kesho, na kesho kutwa, na kila siku adhuhuri. Assia akanenepa. Akakaa, akatambaa, akaota meno, akasimama kwa kushikilia baiskeli za watu. Akila bugali mchana, mikono miwili hadi kwenye nywele, baba yake alimwangalia akasahau kula chake. Alimpenda mpaka akaona haya.

Alipokaribia miaka miwili alianza kugawa chakula. Alimega mabonge manne, akayapanga sakafuni, ndipo akala la kwake.

"Ya nani hiyo?" baba aliuliza.

"Ya ba grand frère."

Shakuru alicheka; mtoto hakuwa na kaka hata mmoja. Aliporudi kutoa vyombo, mabonge yalikuwa makavu na meusi, yamebaki majivu.

Alikwenda kwa jirani, Mama Chabani, mama mtu mzima ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo. Safari hii alinong'ona.

"Shakuru, mi nakuona kila siku kupitia uzio. Unalaza mutoto chini, unasimama mulangoni. Hakuna mwanamuke pale. Mutoto ananyonya hewa."

"Na mulinyamaza?"

"Alikuwa ananenepa. Ningesema nini?"

Shehe Yahaya, aliyemfundisha Shakuru kusoma, alisikiliza hadi mwisho. "Kamuulize yale ulipaswa kumuuliza siku ya kwanza," alisema.

Siku iliyofuata Shakuru hakugeuka. Alimtazama. Mwanamke alikuwa amempakata Assia, na uso wake haukuwa mbaya hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka.

"Mama, jina lako nani?"

"Consolate." Alitabasamu. "Miaka miwili nangoja uniulize."

"Wa wapi?"

"Kamenge. Tulikuwa ndani ya nyumba siku walipoichoma."

"Una watoto?"

"Wanne."

"Wako wapi?"

"Wamekushika."

Hakutazama chini. Hakuhitaji. Vidole vilikuwa vimeshika suruali yake, nyuma ya magoti. Vidogo. Vya moto. Vilihesabika mkono mmoja mmoja.

"Mi nilimulea wako," alisema Consolate taratibu. "Maziwa yangu yamekwisha. Sasa we unilelee wangu. Wana njaa tangu siku ile."

Sasa sikilizeni alichojibu, kwa sababu Shakuru mwenyewe alikirudia mbele ya watu mpaka mwisho wa maisha yake, na kila mara alijipiga kofi. Angeweza kusema nipe siku mbili. Angeweza kulia. Hofu ikamfanya mkali. Aliokota spana, akaipunga.

"Tokeni! Pelekeni njaa yenu makaburini! Mi nina mutoto mumoja tu!"

Mikono ikaachia suruali. Consolate hakukasirika. Alimlaza Assia mkekani na kumfuta mdomo kwa kidole gumba.

"Ndugu hawaachani," alisema.

Kesho yake Shakuru alifunga mlango kwa komeo, akamwita Mama Chabani akae naye, akampakata binti yake kifuani kwa mikono yote miwili. Adhana ikaanza. Assia alitazama juu ya bega la baba yake, akacheka. Akanyoosha mkono. Kisha akakohoa.

"Assia?"

Akakohoa tena. Nyumba ilikuwa baridi. Mtoto alikuwa wa moto.

"Nimekubali!" Shakuru alipiga kelele. "Mama, nimekubali! Nitawalea wote! Wote!"

Adhana ikaisha. Assia alikuwa ametulia. Mama Chabani alihangaika muda mrefu kuifungua mikono ya yule baba, kidole kwa kidole. Ndani ya kinywa cha mtoto mlikuwa na masizi mpaka kooni. Shakuru alikuwa amemshika kwa nguvu zake zote, na hakuna mtu aliyekuja kumnyang'anya.

Siku ya nne baada ya maziko, adhuhuri, akiwa anakaza mnyororo wa baiskeli, shati lake lililowa kifuani. Akadhani jasho. Likanuka maziwa. Aliingia ndani, akafunga mlango, na waliokuwa nje walimsikia akiguna, kama mtu anayetolewa mwiba.

Tangu hapo karakana ilifungwa kila adhuhuri. Shakuru akakonda, akabaki mifupa. Shehe Yahaya alipomwona kifua hakuweza kumaliza kutazama: alama za meno, seti tano, nne kubwa kubwa na moja ndogo upande wa moyo.

"Nitawasomea kisomo, wataondoka," alisema shehe. "Jioni hii hii."

"Wataondoka wangapi?"

"Wote."

Shakuru alifunga vifungo vya shati. "Apana, shehe. Mumoja ni wangu."

Aliishi hivyo miaka mitano, akafa. Aliyemwosha ni Chabani, mtoto wa jirani, aliyekuwa ameshakuwa mwanamume, na mpaka leo hapendi kuulizwa. Walimwosha mapema, wakamkausha, wakamvika sanda. Adhuhuri sanda ikalowa kifuani. Wakaibadilisha. Ya pili ikalowa. Wakamzika na ya tatu, imelowa, na walipokuwa wakimshusha, Chabani aliona kitambaa kikivutwa kidogo kidogo, mahali patano.